Wakongwe wamebaki kumimina chai

Mwezi huu barua zenu nyingi zinauliza jambo moja, kila mtu kwa njia yake: tamthilia ikishakula miaka, wazee wake wapelekwe wapi na wageni waingizwe vipi. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu aliyeuliza ni fundi mwenzangu, na fundi hajibiwi nusu nusu.

Shikamoo Shangazi. Mimi na wenzangu watatu tunaandika tamthilia inayoingia mwaka wa nne. Tulianza na familia moja ya Magomeni: baba, mama, bibi mzaa baba na watoto wawili. Msimu huu prodyuza ametuletea vijana watano wapya, wana sura na wana wafuasi mtandaoni. Sasa watazamaji wanalalamika bibi haonekani. Tukimrudisha bibi, vijana wanalalamika hawana sini. Tumegawa sini nusu kwa nusu na kelele ziko pale pale. Tugawe vipi?
*Mwandishi mwenzio, Dar es Salaam*

Marahaba mwanangu. Hiyo nusu kwa nusu naijua, imenila miaka yangu. Nilipokuwa naandika mchezo wa redio nilikuwa na vikombe vya kahawa vimepangwa dirishani, kila mhusika na kikombe chake, kimebandikwa kipande cha plasta yenye jina. Nikimaliza sini natia punje: kunde kwa mkongwe, choroko kwa mgeni. Ijumaa jioni namwaga mezani nahesabu. Wiki moja zikatoka sawasawa, kunde 31 na choroko 31. Nikajipongeza, nikajinunulia na chipsi.

Jumatatu furushi la barua likafika. “Babu mmemtupa wapi?” Nikashangaa, maana kikombe cha Babu kilikuwa na punje tisa. Nikarudi kwenye skripti nikazisoma sini zake moja moja. Saba kati ya hizo anapokea shikamoo, anasema “haya wanangu, kaeni muongee,” halafu anatoka. Ya nane anakohoa. Ya tisa amelala na watu wanamzungumzia.

Kwenye seti mnaita kuuza sura. Na wewe, kabla hujabisha, kazitoe sini za bibi yako wa Magomeni za mwezi uliopita utazame ni ngapi ameshika birika la chai. Nakuwekea dau zaidi ya nusu.

Vikombe nikavirudisha jikoni. Badala yake, kwenye daftari la kaunta nikawa naandika maswali mawili mbele ya kila jina, kila wiki. Huyu anajua nini ambacho wenzake hawajui? Na akikosea, nani ataumia? Mhusika mwenye majibu hayo mawili, mpe sini moja tu kwa wiki, mtazamaji atasema kamwona kila siku. Asiye nayo mpe sini ishirini, watakuuliza kaenda wapi.

Nikupe mfano unaoujua, The Bold and the Beautiful, tamthilia ya Marekani ya familia ya wabunifu wa mavazi. Ilianza Machi 1987, na John McCook, anayemwigiza Eric Forrester, yumo tangu siku ile ya kwanza. Kwa vipindi vingi Eric alikuwa kama Babu wangu: anafungua mlango, anasimama karibu na mahali pa moto na glasi mkononi, anasema neno la busara, kwaheri. Mwaka 2023 waandishi wakamtia ugonjwa mkononi. Mkono wa mbunifu wa mavazi unatetemeka, hawezi kuchora mstari ulionyooka. Wangeweza kuishia hapo, tukamhurumia, basi. Ila walimleta mjukuu wake, RJ, kijana aliyerudi akiigizwa na mtu mpya, wakamkalisha pembeni ya babu yake achore kwa siri. Babu anaeleza, mjukuu anachora, na Ridge, ambaye ni mtoto wa mmoja na baba wa mwingine, hajui kitu. Wewe hesabu hiyo sini ni ya nani. Ya mkongwe au ya mgeni? Huwezi kuigawa. Ukimtoa RJ, Eric hana mkono. Ukimtoa Eric, RJ ni kijana mwingine tu mwenye nywele nzuri.

Ndiyo maana hesabu yako ya nusu kwa nusu haiwezi kukutuliza kelele. Umewatenga. Bibi ana sini zake sebuleni na kizazi chake, vijana wana zao kwenye mgahawa na simu zao. Umeandika tamthilia mbili ukazibandika gundi, na kila mtazamaji anavumilia moja akisubiri nyingine.

Sasa vijana wako watano. Kwanza usiwaingize wote mwezi mmoja. Najua prodyuza ameshalipia mabango. Mwambie wawili waingie sasa, mmoja baada ya mwezi wa Ramadhani, waliobaki wasubiri uone nani kashika. Halafu kila mmoja apite kwenye mlango wa bibi. Simaanishi aje kumsalimia. Tuseme ile nyumba ya Magomeni hati yake iko chini ya godoro la bibi, na miaka ya nyuma, mumewe alipougua, bibi aliuza kipande cha uwanja wa nyuma bila kumwambia mtu, hata baba mwenye nyumba hajui. Kijana wako wa kwanza anakuja kama mpangaji wa chumba cha uani. Mpole, analipa kodi ya miezi sita mkononi. Kumbe ni mjukuu wa yule mnunuzi, na mfukoni ana karatasi ya mauziano yenye dole gumba la bibi. Hapo bibi akishika birika, mkono utamtetemeka wenyewe na hakuna atakayekwambia anauza sura.

Na umwache kijana amshinde bibi walau mara moja. Hili waandishi wengi wa kwetu hatuliwezi. Tumelelewa na ile ya steringi hafi, basi mgeni akija tunajua, na mtazamaji anajua, kwamba atapigwa na atarudi alikotoka. Nani atampenda mtu ambaye tayari amekata tiketi ya kurudi? Angalia Sheila Carter. Kimberlin Brown alimwigiza kwanza kwenye The Young and the Restless, tamthilia nyingine ya Marekani, akahamia The Bold mwaka 1992 akiwa mgeni kabisa pale. Hakukaa pembeni akisubiri wenye nyumba wamzoee. Alimchukua Eric, akaolewa naye, akawaharibia watu usingizi. Leo anahesabiwa mkongwe, na wengi wamesahau kwamba alikuja na mabegi.

Wala si lazima kila kipya kitoke nje. Waliokuwa na redio mwaka 1993 wanaikumbuka Twende na Wakati ya Radio Tanzania, mara mbili kwa wiki. Mkwaju, dereva wa lori, mwanamke kila kituo, ndiye aliyekuwa anasukuma hadithi. Mkewe Tunu mwanzoni ni mke wa kuvumilia na kungoja. Jinsi Mkwaju alivyozidi kuporomoka ndivyo Tunu alivyosimama, akaanza biashara yake, akaacha kungoja. Pale nyumbani tulikuwa tunasikiliza sita kwa redio moja ya betri, na shangazi yangu, ambaye alikuwa akimwita Tunu “yule bwege,” ikafika siku akatunyamazisha wote kwa sababu Tunu anaongea. Mhusika yule yule, sauti ile ile. Tafuta kwanza kama huna Tunu ndani ya nyumba yako ya Magomeni kabla hujafanya kasting.

La mwisho, kwa ajili ya prodyuza wako, maana najua anasoma ukurasa huu. Afrika Kusini mwaka 2014 waigizaji 16 wa Generations walitimuliwa kwa mkupuo baada ya mgogoro wa mikataba na mgomo. Tamthilia ilirudi Desemba mwaka huo huo na jina jipya, Generations: The Legacy, na sura mpya kila kona. Unajua walimwita nani awafungulie mlango? Connie Ferguson, mwigizaji wa Karabo Moroka, aliyekuwa ameondoka mwaka 2010 baada ya miaka 16. Nyumba ilikuwa imejaa wageni watupu, ikabidi waende wakamtafute mwenyeji.

Shangazi, shikamoo. Mama yangu hajamkubali Ridge mpya wa The Bold hadi leo, na huyo “mpya” ana zaidi ya miaka kumi pale. Anamwita “yule mpangaji.” Kwa nini wasimwue tu Ridge wakamaliza, kama walivyofanya kwa Stephanie?
*Binti wa shabiki, Tanga*

Marahaba mwanangu, na mama mpe salamu zangu, mwambie tuko wengi. Mimi nilimkubali mwaka wa tatu hivi, na nilimkubalia masikio kabla ya macho: sauti ile nzito ya Thorsten Kaye, huyo Ridge mpya, ikiwa jikoni unaisikia ukiwa uani.

Swali lako ni zuri kuliko ulivyodhani. Ronn Moss, Ridge wa kwanza, aliondoka mwaka 2012 baada ya miaka 25, na Susan Flannery, Stephanie wetu, mama yake Ridge, akastaafu mwaka huo huo. Nguzo mbili zimeng’oka kwenye nyumba moja. Stephanie wakamwua kwa saratani ya mapafu, Ridge wakamweka kando zaidi ya mwaka, Kaye akaingia Desemba 2013. Unaweza kusema ni tofauti ya bahati. Mimi nasema ni tofauti ya madeni. Stephanie aliyekuwa anadaiana naye kuliko wote ni Brooke, adui yake wa robo karne, na alikufa mikononi mwa Brooke. Hesabu imefungwa. Mwigizaji mwingine angekuja kumwigiza Stephanie angekuta amebakiziwa nini? Ridge alikuwa na madeni kila mahali: kwa Brooke na Taylor aliowaoa, kwa watoto wake, kwa baba aliyemlea na aliyemzaa. Mtu wa namna hiyo ukimwua, wanabaki wadai kumi hawana wa kumdai, na waandishi hawana kazi Jumatatu.

Iko na njia ya tatu, na mimi ndiyo naipenda. Darlene Conley, yule Sally Spectra wa nywele nyekundu na kicheko, alifariki Januari 2007. Hawakumzika Sally kwenye skrini wala hawakuleta mtu wa kumwigiza. Wakaacha ieleweke yuko safarini huko anakula maisha. Miaka kumi baadaye, 2017, akaja msichana mwenye jina lile lile, Sally Spectra, mjukuu wa ndugu yake, akiigizwa na Courtney Hope. Sisi Waswahili hatukuhitaji maelezo pale. Mtoto kapewa jina la bibi yake, basi amekuja na tabia zake na watu wataanza kumdai mapema.

Mama akikataa kumkubali mpangaji, usimlazimishe. Kubisha nako ni kutazama.

Mwanangu, mimi nina miaka 67 na ni mwaka wa sita niko kwenye tamthilia moja, naigiza mzee wa mtaa. Nalipwa kwa siku ya kushuti. Zamani nilikuwa naitwa siku kumi na mbili kwa mwezi, sasa tatu, na siku hizo tatu naitikia salamu. Vijana wananiheshimu sana, soda naletewa kwenye kiti. Lakini kazi sina. Niwaombe nini, au nijiondokee na heshima yangu?
*Mzee wa mtaa, Bagamoyo*

Shikamoo mzee wangu. Kabla sijakujibu nina deni la kukiri.

Yule Babu niliyemtaja juu, mwenye punje tisa, nilimwua mimi. Mkubwa wetu wa wakati ule alipiga hesabu ya nauli na chakula cha mchana akaona Babu ni ghali kwa mtu wa kukohoa. Akaniambia nimmalize ndani ya wiki. Nilikuwa na umri mdogo na kodi ya nyumba, nikammaliza. Moyo, usiku, hakuna sini, jirani anakuja asubuhi anasema “Mzee hatunaye.” Mstari mmoja. Mwigizaji mwenyewe alikuja kuchukua skripti kama kawaida, akaisoma amesimama mlangoni na miwani yake ya kufunga na uzi. Akafika mwisho, akarudisha karatasi kwenye meza taratibu, akaniuliza, “Hata kuaga hamkuniandikia?” Sikuwa na la kumjibu. Ndiyo maana barua kama yako siziwezi kuziacha kwenye trei.

Sasa jibu. Hali yako haiko kwako peke yako, hata Marekani wanaifanya, wana utaratibu wake kabisa. Mwigizaji mwenye mkataba huhakikishiwa idadi fulani ya vipindi, aitwe asiitwe. Wakitaka kubana matumizi, mkongwe hutolewa kwenye mkataba, akawa analipwa kipindi atakachoonekana tu. Jina lake linabaki kwenye familia, picha yake inabaki ukutani kwenye seti, yeye yuko kwake anangoja simu. Kwa hiyo siku tatu zako si dharau ya vijana wanaokuletea soda. Ni hesabu ya mtu mwingine ofisini, na hesabu hujibiwa kwa hesabu.

Usiombe siku. Ukiomba siku utapewa ya nne ya kuitikia salamu. Nenda kwa waandishi, usiende kwa prodyuza, tena usiende na malalamiko. Nenda na kitu. Waambie, “Wanangu, mimi nimekuwa baharini miaka kumi na moja kabla ya haya maigizo, najua dau likizama watu wanalaumiana vipi.” Au chochote ulichopitia kweli, sijui maisha yako. Mwandishi mwenye vipindi vitano kwa wiki ana njaa ya visa kama simba wa porini. Ukimletea kisa kilichoiva, kina mtu anayejua siri na mtu atakayeumia, atakuandikia kwa sababu umempunguzia usiku mmoja wa kukesha. Na kisa hicho kiwe na kijana ndani yake, mmoja wa hao hao wenye soda. Hapo prodyuza atakuona umekuja kumpandishia mtu wake, hatapiga tena hesabu ya nauli.

Na kama watasema mzee hawezi kubeba kipindi, waambie watafute habari za June Brown. Alianza kuigiza Dot kwenye EastEnders, tamthilia ya BBC ya Uingereza, mwaka 1985. Tarehe 31 Januari 2008, akiwa na miaka 80, alipewa kipindi kizima peke yake. Nusu saa, hakuna mwingine kwenye skrini. Dot amekaa nyumbani na rekoda ya kaseti, anamrekodia ujumbe mumewe Jim aliyepata kiharusi. Na John Bardon, mwigizaji wa Jim, alikuwa kweli amepata kiharusi mwaka uliotangulia, ndiyo maana hakuwepo. Hawakuwa na fedha nyingi za kutumia pale: kiti, meza, kaseti, bibi mmoja. Mwaka uliofuata akapendekezwa kwa tuzo ya BAFTA. Nauli ya mtu mmoja, mzee wangu, kipindi kizima. Hiyo hesabu mwambie mkubwa wako.

Wakikataa vyote, ondoka. Ila kabla hujaondoka dai sini ya kuaga, na uidai kwa maandishi.

Shangazi, mbona watoto kwenye hizi tamthilia wanakua haraka kuliko kuku wa kisasa? Wangu ana miaka minane, bado hajui kufunga kamba za viatu.
*Mama wa mmoja, Kahama*

Umenichekesha, dada yangu. Hope wa The Bold, binti wa Brooke, alizaliwa kwenye skrini mwaka 2002. Mwaka 2010 akarudi binti mzima, akiigizwa na Kim Matula, tayari kupigania mwanamume. Miaka minane, kama wako.

Sababu ni mbili. Mtoto mdogo kwenye seti ni tabu: ana saa chache za kazi kisheria, analala wakati mnataka alie, analia wakati mnataka alale. Ya pili ndiyo hii tuliyoizungumza ukurasa mzima. Mwandishi anataka sura mpya lakini hataki mgeni, basi anafungua kabati la watoto, anachukua mmoja, anampeleka shule ya bweni vipindi vichache, anarudi ana kimo. Damu ya wazee tayari anayo, ugomvi wa mama yake tayari ameurithi, hakuna anayeuliza “huyu nani tena?” Ni ujanja, na mimi nimeufanya mara tatu. Mara ya tatu nilisahau kumkuza dada yake, nikawa na mdogo wa miaka 19 na mkubwa wa miaka 11 kwenye nyumba moja. Msikilizaji mmoja wa Singida akaniandikia kuniuliza huyo mkubwa anaumwa nini.

Wako mwache na kamba zake. Mnunulie viatu vya kubandika, visivyo na kamba.